Vidole Viwili Pajani

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Njuguna kwenye shamba lake la Isinya, na mimi ndiye niliyeombwa kusoma wasifu wake kwa niaba ya wanafunzi. Niliusoma vizuri. Watu waliniambia hivyo baadaye na nikafurahi kuambiwa, maana hiyo ndiyo tabia yangu tangu ujana: hata mazishini napenda kuangaliwa. Nilikuwa nimefika pale panaposema kwamba mimi, Kimeu, ndiye mwanafunzi wake wa kwanza kupata mkanda mweusi wa judo, nikainua macho kidogo ili waombolezaji wanione vizuri, ndipo nikamwona Lemayian. Alikuwa amesimama nyuma ya hema, kofia mkononi, amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, na mkono wake wa kushoto umejikunja kwenye kiwiko vile ulivyojikunja tangu mwaka ule. Zaidi ya miaka thelathini sikuwa nimemwona. Niliruka mistari miwili nikamaliza haraka, nikarudi kuketi.

Ule mkono niliuharibu mimi. Hilo halikuwa siri. Wazee wa Kitengela wanaokumbuka darasa letu wanajua uliharibika kwenye mtihani, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeushika. Wasilolijua ni jinsi ulivyoharibika. Nilijua mimi, na kwa miaka yote hiyo sikuwa na hakika kama Lemayian mwenyewe anajua. Nimewafundisha vijana judo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mke wangu, na wananiita Sensei kwa heshima ambayo kwa kweli huniwasha ngozi. Nataka kuandika juu ya mwaka ule mmoja kabla sijapoteza ujasiri, kwa hiyo habari za wazazi wangu na jinsi tulivyofika Kitengela zitangoja sura nyingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Darasa letu lilikuwa stoo ya chakula cha ng'ombe, nyuma ya duka, upande wa chini wa barabara ya kwenda Namanga. Mwalimu Njuguna, askari aliyestaafu, mfupi, mwenye shingo pana, alikuwa ameikodi na kuitandika magunia yaliyojazwa maranda, kisha juu yake akavuta turubai la lori hadi likakaza. Huo ndio uliokuwa mkeka wetu. Ukiangushwa vibaya ulijua gunia lipi limebonyea. Harufu ya unga wa ng'ombe haikutoka kamwe, na hadi leo nikipita karibu na duka la chakula cha mifugo mabega yangu hujiandaa kuanguka. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa mabati matupu, na nyuma ya mabati hayo ndiko kulikokuwa na jikoni la mkewe, Mama Wairimu. Tukiwa mazoezini tulisikia sufuria zake, naye alisikia migongo yetu ikigonga turubai, na akiona tumechelewa kumaliza alipiga bati kwa mwiko.

Somo la kwanza la Mwalimu halikuwa kuangusha mtu. Lilikuwa kugonga. Ukishikwa mkono au shingo na ukaona umefika mwisho, unagonga mkeka mara mbili kwa kiganja, kwa sauti, na mwenzako anaachilia papo hapo. Haulizi, hangoji, hamalizii alichoanza. Mgeni yeyote alikaa wiki nzima akigonga tu kabla ya kuguswa. Nimewaona watu wazima wakicheka wakifundishwa jambo hilo, na mimi nilicheka vilevile. Aliyeshindwa kabisa kulifanya alikuwa Lemayian.

Lemayian alikuja kutoka upande wa Isinya kwa baiskeli, siku tatu kwa wiki, baada ya kuwaachia ndugu zake ng'ombe. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mpole wa maneno, na nguvu zake zilikuja polepole kama za mtu anayesukuma gari. Kwao Umaasaini, kijana akitikisa hata kope siku ya kutahiriwa, aibu huwapata baba, mama na wote waliozaliwa baada yake. Yeye hakuwa ametikisa. Sasa alikuwa ameletwa mbele ya mzee wa Kikuyu anayemwambia kwamba uchungu ukija apige kelele kwa kiganja. Mara ya kwanza Mwalimu alipomshika mkono, sote tulisimama tukitazama.

"Gonga, Lemayian."

"Bado, Mwalimu."

"Bado nini? Unangoja ivunjike ndio ugonge?"

"Sijasikia uchungu."

"Hiyo ni uongo. Macho yako iko na maji." Mwalimu akamwachilia mwenyewe, akasimama akifuta jasho. Kisha akanigeukia. "Kimeu, huyu ni wako. Sitaki kumwona kwa mtihani kama hajui kugonga."

Nilijaribu miezi miwili. Nilimbembeleza, nikamtania, nikamshika mpaka mimi mwenyewe nikaogopa. Jumamosi moja tulikuwa tumekaa nje tukinywa maji ya mtungi, na vijana wa rika lake walikuwa wamekuja kutazama, wamesimama mlangoni na fimbo zao wakizungumza Kimaasai kwa sauti ya chini. Lemayian akaniambia bila kuniangalia, "Shida si mkono. Shida ni hao. Nikigonga, watasema nimelia."

Hapo ndipo nilipobuni ile hila, na mpaka leo najua ilikuwa nzuri, na huo ndio ubaya wake. "Si lazima ugonge mkeka," nikamwambia. "Nigonge mimi. Hapa kwa paja, vidole viwili, mara mbili. Nitasikia, halafu nitaachilia kama mtu amechoka. Hakuna mtu atajua."

"Na usiposikia?"

"Nitasikia."

Na nilisikia, kila mara, mwaka mzima. Sare zetu zilikuwa za kitambaa kizito cha magunia ya unga alichoshona Mama Wairimu, lakini vidole vyake vilipita hapo juu, vyepesi, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Nilikuwa naachilia na kujifanya nimeteleza, na mlangoni wenzake walicheka kwamba mimi Mkamba sina nguvu za kumaliza. Sikujali. Nilijivuna, hata. Nilikuwa mtu pekee duniani ambaye Lemayian alikuwa amekubali kushindwa mbele yake, na Mwalimu alipouliza kama kijana amejifunza kugonga, nilimjibu kwa ukweli kwamba amejifunza.

Baada ya mazoezi tulikula jikoni kwa Mama Wairimu, yaani kwenye viti vitatu na debe moja, tukipokezana. Ilikuwa githeri mara nyingi, na siku za neema mukimo na nyama kidogo. Lemayian aliletea nyumba ile maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na Mama Wairimu, ambaye wiki ya kwanza aliyapeleka mdomoni kama dawa, kufikia mwezi wa tatu alikuwa akimkemea akija mikono mitupu. Nimekaa kwenye meza nzuri tangu wakati ule, na hakuna niliyoipenda kama lile debe.

Alhamisi moja, wiki mbili kabla ya mtihani, nilibaki nikifagia mkeka. Lemayian alikuwa ameshaondoka. Nyuma ya mabati Mwalimu na mkewe walikuwa wakiongea Kikuyu, na Mkamba akitega sikio sawasawa Kikuyu hakimpiti. Mwalimu alisema miguu yake imeanza kukataa, na akichoka kabisa darasa atamwachia Lemayian.

"Na akichukuliwa jeshi?" Mama Wairimu akauliza. Sote tulijua Lemayian alikuwa akingoja usajili wa makurutu kama wengine wanavyongoja mvua.

"Atarudi. Nitamngoja."

"Na Kimeu?"

"Kimeu ni mzuri. Pengine ni mzuri kuliko huyo. Lakini Kimeu anapenda kuangaliwa. Mtu wa namna hiyo siwezi kumpa mkono wa mtoto wa watu aushike."

Nilifagia mahali pamoja mpaka turubai likang'aa. Ningeweza kuandika kwamba niliumia, na ni kweli, lakini kilichonishika ni wivu, wivu wa kawaida kabisa, na ulikuwa na ladha kama ya chai iliyolala. Sikumchukia Mwalimu. Nilimchukia yule aliyekuwa akinigonga paja.

Siku ya mtihani alikuja mtu wa Nairobi mwenye miwani na faili, akapewa kiti cha dukani. Tuliotafuta mkanda mweusi tulikuwa wawili tu, mimi na Lemayian, na kwa kuwa hapakuwa na wengine wa kiwango chetu tulipambanishwa. Nilidhani mgeni atampa mkanda mmoja wetu tu. Baadaye niliambiwa kwamba angeweza kutupa wote wawili, na kwamba alikuwa amekuja akiwa tayari kufanya hivyo. Mlangoni walisimama vijana wa rika la Lemayian, wakiwa sita au saba, na mbele yao baba yake, mzee aliyevaa koti juu ya shuka, ambaye hakuwa amewahi kufika pale kabla.

Lemayian aliniangusha mara moja, vizuri sana, na nikasikia yule mgeni akiandika. Tuliporudiana nilimvuta chini, nikaupata mkono wake wa kushoto, nikaubana katikati ya mapaja yangu, kifundo cha mkono kifuani, kiwiko kikilalia kiuno changu. Mgongo wangu ulikuwa upande wa mgeni na Mwalimu. Mkono wa kulia wa Lemayian ulikuwa umeingia kati yetu ambapo hakuna jicho lililoweza kuufikia. Nikainua kiuno kidogo. Vidole viwili vikanigonga pajani, mara mbili.

Nilisikia. Nimeuandika ukurasa huu mara nyingi nikitafuta namna nyingine ya kulisema, na haipo. Nilisikia, nikatambua, na nikawaza kwamba nikiachilia sasa itaonekana nimeteleza tena, na yule mwenye miwani ataandika. Vikagonga tena, mara mbili. Vikagonga mara ya tatu, kwa haraka, lakini bado vilikuwa vidole viwili, hata pale hakutumia kiganja. Nikainua kiuno hadi juu, na kiwiko kikalia kama kijiti kibichi.

Lemayian hakutoa sauti. Mlangoni watu walivuta pumzi, kisha mmoja wao akasema neno la kusifu. Mwalimu alikuwa ameshafika, amepiga magoti, anamshika bega.

"Kimeu. Aligonga?"

"Hakugonga, Mwalimu. Angegonga ungesikia."

"Lemayian, uligonga?"

Aliangalia mlangoni, alipokuwa baba yake. Kisha akaniangalia mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia mlango. "Hapana," akasema.

Mimi nilijua atasema hivyo. Nimewahi kujidanganya kwamba nilisema uongo kwa hofu, kwamba ulimi ulinitangulia, lakini kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshapima kwamba hawezi kunipinga mbele ya watu wale bila kukiri kwamba alijisalimisha. Alikuwa amenikabidhi aibu yake nimtunzie, nami nikaitumia kumziba mdomo. Mkanda nilipewa jioni ileile. Mama Wairimu alinipakulia chakula, na nilikula nikashiba.

Miezi mitatu baadaye usajili wa makurutu ulitangazwa Kajiado, na Lemayian akaniomba nimsindikize. Aliniomba mimi. Alitaka mtu wa kumshikia viatu na bahasha ya vyeti. Tulifika uwanjani mapema, vijana wengi wamejipanga kwenye vumbi wakiwa vifua wazi, nami nikasimama nje ya kamba na viatu vyake mkononi. Alikimbia vizuri akamaliza wa nne. Meno wakayatazama, nyayo wakazitazama. Kisha afisa akawaamuru wanyooshe mikono mbele, viganja juu, na katika mstari ule mrefu wa mikono iliyonyooka mmoja ulibaki umekunjwa. Afisa aliubonyeza chini kwa kidole, mara moja tu, kwa upole hata. Kisha akamwonyesha njia ya kutokea.

Tuliingia hoteli moja karibu na soko, tukaagiza chai na chapati. Kwenye meza ya nyuma yetu wanaume wawili walikuwa wakibishana juu ya bei ya mbuzi. Lemayian alivaa shati akalifunga vifungo vyote.

"Wamesema ni mkono," akaniambia.

"Mwaka ujao utakuwa umenyooka."

"Daktari alisema haitanyooka." Akazungusha kikombe. "Kimeu, nikuulize kitu. Siku ile..."

Nikainua mkono nikamwita mhudumu, nikaagiza chai nyingine ambayo hakuna aliyeitaka, nikaanza kumweleza jambo fulani juu ya baiskeli. Nilizungumza mpaka chai ikaletwa na ikapoa. Hakujaribu tena. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameacha darasa, na tukasikia amehamia kwa mjomba wake upande wa Entarara, analima vitunguu na nyanya. Mwalimu hakuniuliza lolote tangu siku ile ya mtihani. Miguu yake ilipokataa kabisa, darasa aliniachia mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, na siku aliyonipa funguo alisema tu, "Uwafundishe kugonga."

Nimewafundisha. Na hapa ndipo aibu yangu inapokuwa mbaya kuliko ya kijana wa miaka ishirini na mmoja, maana yule angalau alikuwa na haraka. Kila mwaka, kabla ya mtihani, nimewaketisha wanafunzi kwenye mkeka, siku hizi mikeka mizuri ya kununua, nikawaambia hadithi ya rafiki yangu Lemayian aliyekuwa na kichwa kigumu, aliyekataa kugonga mpaka kiwiko kikavunjika mikononi mwangu. Ninaisimulia vizuri. Nashusha sauti penye kustahili. Wapo waliotokwa na machozi, na mzazi mmoja aliwahi kunishukuru kwa unyenyekevu wangu.

Baada ya kumzika Mwalimu tulipanga foleni ya chakula: wali, viazi, nyama ya mchuzi, kabeji. Nilimwona Lemayian ameketi peke yake chini ya turubai la pembeni, sahani magotini, nikajikaza nikamwendea, nikamsalimia kwa lugha yao.

"Supa, Lemayian."

"Ipa, Kimeu. Umesoma vizuri." Akanisogezea kiti. Tulikuwa bado tunaulizana habari za watoto alipofika Mercy, mwanafunzi wangu, msichana anayefanya kazi kwenye shamba la maua hapohapo Isinya na ambaye mwaka huu ndiye ninayemtegemea kwa mkanda mweusi. Alikuwa ameyatega masikio.

"Mzee, samahani," akamwambia kwa adabu. "Ni wewe ule Lemayian wa story ya Sensei? Ule hakugonga?"

Lemayian akashusha kijiko. "Iko story?"

"Eeh, anatuambia kila grading. Ati ulikataa kugonga mpaka mkono ikavunjika, so sisi tusiwe hivyo. Lakini si kwa ubaya, mzee."

"Hapana, si kwa ubaya," Lemayian akasema. Hakuniangalia. "Ndio mimi, mama. Na nyinyi mgonge. Kichwa ngumu haisaidii mtu."

Mercy akamshukuru kwa mikono miwili akarudi kwa wenzake. Alikuwa amenitunzia aibu yangu tena, mbele ya mwanafunzi wangu, bila kuombwa, na nikaona kwamba nikikaa kimya hapo nitakuwa nimeuvunja mkono ule mara ya pili, nikiwa mzee mwenye akili timamu. Nikamwomba tusimame. Tukaenda hadi kwenye tangi la maji, mbali kidogo na watu.

"Uligonga," nikamwambia. "Mara tatu. Nilisikia zote."

Alinitazama kama alivyonitazama kwenye mkeka, nami safari hii sikugeuza uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha, Mungu anirehemu, na nilikuwa nimeshaanza kuungojea.

"Ulisikia," akasema.

"Nilisikia."

"Mimi nilijiambia hukusikia." Alizungumza taratibu, akitafuta maneno. "Ile nguo ilikuwa nzito. Vidole ni kitu kidogo. Bibi yangu nilimwambia hivyo, na watoto wakikua nikawaambia hivyo: Kimeu hakusikia, halafu akaogopa, alikuwa kijana. Ilinichukua miaka mingi, lakini nilikusamehe. Nilikusamehe kabisa, hata nilikuwa nakuombea." Akashika kiwiko chake. "Kumbe ule mtu nilisamehe si wewe."

Alivaa kofia, akaenda kumuaga Mama Wairimu, akainama kumsikiliza kwa sababu sauti yake sasa ni ndogo, kisha akatembea hadi langoni bila kugeuka. Mercy akanijia na chupa mbili za maji.

"Sensei, mzee amesema nini?"

"Amesema aligonga," nikamwambia.

Akacheka kidogo, akidhani ni mzaha wa wazee. Kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka.